Binti yangu anapenda vifaranga: nianzie wapi kumfundisha kusoma?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu ametimiza miaka 5 na anapenda watoto wa wanyama kupita kiasi: vifaranga, ndama, watoto wa paka, hata viluwiluwi. Nimemnunulia vitabu vya picha na kadi zenye majina. Anavisoma vyote kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini nikifunika picha hawezi kusoma hata neno moja. Irabu anazijua, na herufi nyingine chache. Sisi hatufugi, ila jirani ana kuku ambaye ameanza kuatamia wiki hii, na mtoto hataki kutoka huko. Je, naweza kutumia mapenzi haya kumfundisha kusoma, na sayansi kidogo, kabla hajaanza darasa la kwanza? Na nimjibu nini anapouliza watoto wanatoka wapi, au kwa nini wengine wanakufa?

Jibu: Salama kabisa, mama, na asante kwa swali lililonyooka. Unaweza, na huyo kuku wa jirani amekupa nafasi ambayo kadi haziwezi kukupa. Kadi ziweke kando kwa sasa. Kuku huatamia siku 21 hivi, kwa hiyo una wiki tatu za somo lenye siku ambayo mtoto anaijua kuwa inakuja. Tafuta daftari lisilo na mistari, penseli, na kalenda ya kukata siku moja moja. Zaidi ya hapo huhitaji kununua kitu.

Nianze na hilo la kusoma picha badala ya maneno, maana mbinu nzima inatokea hapo. Mwanao hana tatizo. Chini ya picha ya ndama pameandikwa "ndama", na picha imeshamwambia kila kitu, basi ahangaike na herufi za nini? Mtoto mwerevu hatumii nguvu mahali ambapo jibu liko wazi. Anachohitaji ni maandishi ambayo jibu lake halimo kwenye picha, tena maandishi anayotaka mwenyewe kujua yanasema nini. Na maandishi ambayo mtoto wa umri huu anayataka kuliko yote ni maneno yake mwenyewe juu ya jambo ambalo halijatokea bado.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila siku mkitoka kumtazama kuku, muulize maswali mawili tu: "Umeona nini?" na "Unadhani kesho itakuwaje?" Andika majibu yake mbele ya macho yake, kwa herufi kubwa za kusomeka, maneno yake kama alivyoyasema, mafupi. Kesho yake, kabla hamjaenda kwa jirani, fungueni daftari msome alichotabiri jana, kidole kikipita chini ya kila silabi. Kisha nendeni mkaangalie. Mkirudi, aweke alama ya vema au ya kosa yeye mwenyewe. Siku ya 4 akisema "Kesho vifaranga watatoka", iandike hivyo hivyo wala usimsahihishe. Kesho yake atasoma sentensi ile, atachungulia kiotani, ataona mayai ni yale yale, na mkono wake mwenyewe utaweka kosa. Hapo amesoma kwa sababu alikuwa na haja ya kusoma, na amefanya kazi ya mwanasayansi: ametazama, amekisia, ameandika, amerudi kuhakikisha. Ndiyo maana siyatengi masomo haya mawili kwa mtoto mdogo. Ukimpa saa ya kusoma na saa ya sayansi, unagawa kitu ambacho kwake bado ni kimoja.

Mtoto wa mnyama anafaa kwa kazi hii kuliko mnyama mzima, kwa sababu anabadilika upesi. Paka mkubwa wa leo ndiye wa jana na wa kesho, na mtoto hana la kutabiri. Kitoto cha paka kilichozaliwa leo macho yamefumba, na baada ya wiki moja hadi mbili yanafunguka. Hapo kuna la kusubiri na la kuandika.

Sasa sentensi ya kwanza. Mimi ningeanza na hii: "Kuku analalia mayai." Itamke polepole: ku-ku a-na-la-li-a ma-ya-i. Kila silabi ni irabu peke yake au konsonanti moja na irabu moja, hakuna kona hata moja. Siku inayofuata: "Yai lina joto." Baadaye mchezee wakati uliopita, uliopo na ujao: "Kuku alilala. Kuku analala. Kuku atalala." Silabi moja tu ndiyo inabadilika, li, na, ta, lakini habari yote inageuka. Mtoto aliyeizoea picha hawezi kukisia hapo, maana picha ya kuku aliyelala ni ile ile kwa sentensi zote tatu. Lazima macho yaende kwenye ile silabi. Ni zoezi dogo, na nimeliona likifungua watoto wengi.

Wazazi hudhani neno refu ndilo gumu. Kwa Kiswahili sivyo. "Kiluwiluwi" lina silabi tano na mtoto wa miaka 5 anaweza kulisoma mapema sana, ki-lu-wi-lu-wi, kwa sababu kila silabi ni nyepesi. "Ndama" lina mbili tu, lakini linaanza na nd, na wengi watalisoma "dama" kwa miezi kadhaa. "Kinda" na "kifaranga" yana ugumu huo huo mwishoni. Basi usipange maneno kwa urefu, yapange kwa silabi. Anza na kuku, bata, paka, kobe, popo, kiota, mabawa, mayai. Ndipo zije ch, sh na ny: macho, shimo, nyoka, manyoya. Nd, mb na ng zifuate, na ng' ya ng'ombe ikae nyuma kabisa. Haina maana kwamba hatamwandika ndama kabla ya hapo. Akitaka kumwandika, mwandike, umsomee, muendelee. Mpangilio huu ni wa yale unayomtaka asome peke yake.

Tahadhari nyingine ni majina ya herufi. Ukimfundisha kwamba k inaitwa "ke", kisha umwambie aunganishe "ke" na "i", atasema "kei", na atakuwa sahihi kwa alichosikia. Mpe silabi nzima, ka ke ki ko ku, na umwachie sikio lake. Kwa sikio hilo hilo, mchezeshe makofi: kila silabi kofi moja. Mtoto, makofi matatu, kwa sababu ile m inasimama peke yake. Mbwa, makofi mawili, m-bwa. Mbuzi nalo ni mawili, lakini humo m imeshikana na b: mbu-zi. Usimweleze kanuni. Akipiga makofi akiwa anayatamka, sikio litaipata.

Akianza kusoma mawili matatu, mwandikie sentensi mbili, moja ya kweli na moja ya uongo: "Bata ana mabawa. Kobe ana mabawa." Mwambie atafute ya uongo aifute. Watoto hupenda kumkamata mtu mzima akisema uongo, na hapa hawezi kumkamata bila kusoma. Ukitaka kuongeza uzito, mtilie jambo ambalo itabidi mkahakikishe kwanza: "Popo ana maziwa." Popo huruka, lakini ni mamalia. Huzaa mtoto, kwa kawaida mmoja, na kumnyonyesha. Mtoto akibisha kwamba popo ni ndege, usimkatize. Muulize angeangalia nini ili ajue: manyoya ya kuku au nywele? Yai au kunyonya?

Tuje kwenye yai lenyewe, maana hapo maswali yatakuwa mengi na ni vizuri uwe na majibu ya kweli. Watu wazima wengi huamini kwamba kifaranga ni kile kiini cha njano kilichogeuka. Sivyo. Kifaranga huanzia kwenye doa dogo jeupe lililo juu ya kiini; kiini ni chakula chake. Yai lisilorutubishwa na jogoo halitoi kifaranga hata likiatamiwa mwaka mzima, jambo la kumweleza mapema kabla hajaanza kuficha mayai ya jikoni kwenye blanketi. Likiwa na joto la mama, kazi huenda upesi: kufikia siku ya 3 moyo umeshaanza kupiga. Kuku huyageuza mayai mara nyingi kwa siku ili kifaranga asigande kwenye utando wa ndani. Mwambie binti yako avizie aone kuku akiyageuza kwa mdomo. Hiyo ni sentensi ya siku nzima.

Jirani akikubali, karibu na siku ya 7 au ya 8 mwombe yai moja kwa dakika chache, muingie chumba chenye giza na kulimulika kwa tochi kutokea upande mnene. Mtaona mishipa myekundu imetandaa kama mizizi, na doa jeusi katikati. Upande mnene mtaona sehemu nyeupe iliyo tupu: ni hewa. Kisha lirudisheni chini ya kuku lisipoe. Hiyo hewa inaweza kuonekana nyumbani pia. Menya yai lililochemshwa, na upande mnene utakuta kibonde. Au tumbukiza yai bichi kwenye maji ya moto kiasi, muone vipovu vikitoka kwenye ganda, kwa sababu ganda lina matundu madogo kwa maelfu ambayo jicho haliyaoni. Mwache aeleze mwenyewe kifaranga anapumuaje mle ndani. Akisema vibaya, uliza tena kesho.

Siku moja hivi kabla ya kutoka, kifaranga hutoboa ile sehemu ya hewa na kuanza kulia akiwa bado ndani. Mtoto akiweka sikio karibu anaweza kumsikia. Ganda hulivunja kwa kijino kigumu kilicho juu ya ncha ya mdomo, ambacho hudondoka siku chache baadaye. Mwonyeshe, ni kitone cheupe tu na huwa ndicho anachokumbuka kuliko yote. Kutoka ufa wa kwanza hadi kifaranga kutoka nje huweza kuchukua saa 12 hadi 24, na hapo mtalazimika kuzuia mikono yenu wote wawili. Kumsaidia kwa kubandua ganda kunaweza kumuua, kwa sababu mishipa ya damu kwenye utando bado haijakauka na mabaki ya kiini yanaingia tumboni. Kiini hicho ndicho kinachomwezesha kukaa siku mbili bila kula, hivyo usishangae kumwona hagusi chakula.

Baada ya hapo una kitu cha kulinganisha. Kifaranga anatoka macho wazi, na baada ya saa chache anatembea na kudonoa. Kinda la njiwa linatoka macho yamefumba, karibu uchi, na wazazi wote wawili hulilisha maziwa mazito yanayotengenezwa kwenye kifuko kilichoko kooni mwao. Ndama husimama ndani ya saa moja au mbili na kutafuta dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake. Twiga humzaa mtoto akiwa amesimama, kwa hiyo mtoto huanguka kutoka karibu mita 2, na bado ndani ya saa moja hivi huwa amesimama. Kangaruu mchanga ana urefu wa sentimita 2 tu, na hutambaa mwenyewe hadi kwenye mfuko wa mama yake kumalizia kukua. Gawa ukurasa mara mbili, "macho wazi" na "macho yamefumba", mjaze majina kadiri mnavyogundua. Wakishafika watano sita, muulize: kwa nini twiga ana haraka na kinda halina? Mwache afikirie kiota kilivyo juu mtini, na mbuga ilivyo wazi yenye simba. Hili swali ni kubwa kuliko umri wake na analiweza.

Alipouliza watoto wanatoka wapi, mpe jibu fupi la kweli: wengine hukua ndani ya yai nje ya mwili wa mama, wengine hukua ndani ya mama, kwenye mfuko wa uzazi. Usiseme "tumboni" tu, maana kwake tumbo ni mahali chakula kinapokwenda, na watoto huishia kumwonea huruma ndama aliyemezwa. Tembo hukaa humo miezi 22, na huzaliwa na uzito wa kilo 100 hivi. Akitaka zaidi atauliza.

Na kifo. Katika mayai hayo huenda mengine yatakuwa viza, na huenda kifaranga mmoja asifike wiki ya pili. Tumia neno lenyewe: amekufa. Usimwambie amelala, kwa sababu mtoto aliyeambiwa hivyo anaweza kuanza kuogopa kulala yeye mwenyewe au kukuona wewe umelala. Mweleze kwamba mwili umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi wala maumivu, na hatarudi. Mkijua sababu, isemeni. Msipoijua, semeni hatuijui. Akitaka kuiandika kwenye daftari iandikeni, na akitaka kulia mpe muda wake, kusoma kutasubiri.

Kuku akimaliza kazi yake, hamieni kwa kiwavi. Anapatikana karibu popote penye majani. Mchukueni pamoja na majani ya mmea ule ule mliomkuta, kwa kuwa viwavi wengi hawali mmea mwingine, na mwenye manyoya asiguswe kwa mkono, huwasha. Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, alianza hivyo akiwa na miaka 13, akifuga viwavi wa hariri na kuchora alichokiona. Wakati huo wasomi wengi bado waliamini kwamba wadudu huzuka kwenye matope na uozo. Yeye akawa anachora yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili pamoja na mmea anaoula, vyote kwenye ukurasa mmoja. Mpangilio huo auige binti yako: mnyama, chakula chake, na sentensi moja chini. Picha ije kwanza na iwe ya kile alichokiona. Akichora kiwavi ana tabasamu, mrudishe kwa upole akahesabu miguu: sita ya kweli karibu na kichwa, iliyobaki nyuma ni vishikizo ambavyo kipepeo hatakuwa navyo.

Viluwiluwi nao ni wazuri, ila watunzeni kwa maji ya pale pale mlipowatoa na muwarudishe. Miguu ya nyuma hutokea kwanza, kisha ya mbele. Mkia haudondoki kama wengi wanavyosimulia. Mwili unaufyonza kidogo kidogo. Mpe ausubiri.

Hadithi msiziache. Sungura anayeongea na kifaranga anayemjibu mwewe vinampa mtoto lugha tamu ambayo daftari halina. Nyakati zote mbili ziwepo, ila daftari la kuku liwe na sheria yake: humo yanaingia yaliyoonekana na yaliyokisiwa tu. Watoto huielewa tofauti hiyo mapema kuliko tunavyodhani. Orodha za kukariri, shibli ni mtoto wa simba, kihongwe ni mtoto wa punda, atazikuta shuleni. Kwa sasa "mtoto wa simba" inamtosha, na ana kazi ya kutosha kwenye ile mb.

Dakika 10 hadi 15 kwa siku ni nyingi kwa umri huu, na mfunge daftari akiwa bado anataka. Akianza kuandika mwenyewe ataandika "kifaraga" au hata "kfrga". Mpokee, msome naye, andika lililo sahihi chini yake bila kufuta lake. Mikono ioshwe kwa sabuni kila akitoka kushika ndege au ganda la yai, na vifaranga wasibusiwe, kwani huweza kubeba vijidudu vya kuharisha hata wakionekana wasafi. Ukimwona analeta daftari karibu sana na uso, au anakuomba urudie kila unachosema, mpeleke apimwe macho na masikio kabla ya kumwongezea zoezi lolote.

Wiki ya tatu ikiisha, fungua ukurasa wa kwanza, funika michoro kwa karatasi, umwache asome. Akizipita sentensi nyingi bila msaada, anza kumwandikia wewe sentensi ambazo hajawahi kuzisema, moja kwa siku, umwekee mahali atakapozikuta asubuhi: "Kifaranga mmoja ana doa jeusi. Mtafute." Akikwama kwenye silabi fulani, rudini kwenye makofi na zile ka ke ki ko ku kwa siku kadhaa, kisha mjaribu tena na kiwavi.